Kuchagua sila ya pevingi za nje hapa Kigoma: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila Novemba, mvua zikishakaa sawa, simu huwa ni zile zile. Wa Katubuka anasema pevingi zake zimegeuka nyeupe kama zimemwagiwa uji. Wa Bangwe anasema ile vanishi aliyopaka mwezi wa tano inabanduka kama gamba la nyoka. Wa Mwanga hana shida na rangi, ila mama yake kateleza getini akiwa na ndoo. Wote watatu walinunua kitu kizuri, na wote walipaka vizuri tu. Kosa lilifanyika kabla kopo halijafunguliwa.

Sila ninayoizungumzia ni dawa ya majimaji inayopakwa juu ya vitofali vya pevingi ili visinywe maji, mafuta na uchafu. Mwongozo huu ni wa pevingi za saruji. Mawe ya asili na vigae vina mambo yake, usivichanganye humu.

Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili ukakimbilia ya saba, na wewe utanipigia Novemba.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kupima:
- msumari wa nchi nne
- kikombe cha maji na kijiko
- nailoni angavu, kipande cha sentimita 50 kwa 50, angalau vipande vitatu
- selotepu pana, ile ya kufungia maboksi
- tina (kiyeyushi cha rangi) kidogo na kitambaa cheupe
- futi ya kupimia na kikombe chenye alama za mililita

Vya kusafisha:
- fagio la chelewa na brashi ngumu ya plastiki (ya waya iache, inakwangua rangi ya kitofali na kuacha vichembe vya chuma vinavyopata kutu)
- sabuni ya unga
- majivu makavu au pumba za mbao
- jiki
- siki

Vya kupaka:
- rola yenye manyoya mafupi, au bomba la kunyunyizia dawa ambalo halijawahi kubeba kiuagugu
- brashi ya nchi tatu kwa pembezoni
- mchanga mkali uliooshwa na kukaushwa
- glavu, miwani, gambuti, na barakoa yenye kichujio cha mvuke kama sila yako ni ya tina. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke.

Sila yenyewe haimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Usiinunue bado. Mara nyingi sila nzuri tunaiagiza kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na hakuna muuzaji atakayekubali umrudishie ndoo uliyokwisha kuifungua.

## Hatua ya 1: Hakikisha kitofali chenyewe kinastahili sila

Chukua msumari, kwaruza kitofali kwa nguvu ya kawaida, kama unayeandika jina. Fanya hivyo sehemu tano tofauti: getini, katikati, chini ya michirizi ya bati, penye kivuli, na pale gari linapolala.

Kitofali kizuri kitabaki na mstari mwembamba tu. Kitofali kibovu kitatoa unga, na ukipitisha kidole utapata vumbi la kijivu. Huyo alinyimwa saruji au alinyimwa maji ya kumwagilia alipofyatuliwa, na sila haiwezi kumlipia deni hilo. Sila ya kung'aa ndiyo itakuumbua zaidi, kwa sababu itashika lile vumbi badala ya kushika kitofali, kisha vitaondoka pamoja.

Kwa vitofali vinavyotoa unga kidogo kuna sila ya silikati, ambayo hukutana na chokaa iliyomo ndani ya saruji na kuukaza uso. Vinavyomeguka kona kwa msumari, badilisha. Hakuna dawa.

Angalia pia kama uwanja umebonyea. Pevingi zilizotitia kwa sababu chini hapakushindiliwa zitaendelea kutuamisha maji hata ukipaka sila ya dhahabu. Inua, shindilia upya, panga tena, ndipo urudi hapa.

Na kama pevingi ni mpya, subiri. Kitofali kipya bado kinatoa ule unga mweupe ambao mafundi tunauita chumvi. Si chumvi ya Uvinza hiyo. Ni chokaa ya ndani ya saruji: maji huibeba hadi juu, inakutana na hewa ya ukaa, inakuwa nyeupe na kuganda. Wape vitofali miezi miwili hadi mitatu tangu vilazwe, ikiwezekana vipitiwe na mvua kadhaa, ili chumvi nyingi itoke kabla hujafunga mlango. Ukifunga mapema, itagandia chini ya sila na huwezi kuifikia tena kwa brashi.

Dalili ya mafanikio: msumari hautoi unga, uwanja hautuamishi maji, na pevingi zimemaliza angalau siku 60.

## Hatua ya 2: Jaribio la tone la maji

Hili ni jaribio la dakika kumi ambalo watu hawalifanyi, na ndilo linalokuambia ununue nini.

Uwanja ukiwa mkavu, dondosha maji ya kijiko kimoja juu ya kitofali. Tazama saa.

Yakinyweka ndani ya dakika moja na kuacha doa jeusi, kitofali kina vitundu vingi na kina kiu. Kitapokea sila ya aina yoyote, ila kitakunywa nyingi, hivyo bajeti ipande.

Yakichukua dakika tatu hadi tano, kitofali ni cha wastani.

Yakikaa dakika kumi yameduara kama tone juu ya jani la mgomba, kuna kitu tayari juu yake: sila ya zamani, vanishi, au mafuta. Hapo sila mpya ya kuingia ndani haitaingia. Itakauka juu na kuacha mabaka.

Ili kujua ni kitu gani, lowesha kitambaa cheupe kwa tina, kibonyeze juu ya kitofali kwa nusu dakika, kisha uguse. Pakinata kama gundi, kuna sila ya kung'aa ya jamii ya akriliki. Kitambaa kikitoka na rangi ya chungwa au weusi wa grisi, ni mafuta. Pakiwa pamekakamaa kwa ngozi ngumu ya kahawia isiyolegea, kuna mtu alipaka vanishi ya mbao.

Hii vanishi ya mbao niiseme hapa hapa, maana ndiyo mama wa simu zote za Novemba. Inauzwa kila duka, ni rahisi kuipata, na siku ya kwanza pevingi zinang'aa mpaka jirani anauliza umepaka nini. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mbao. Saruji ina ukali wa chokaa unaoila kutoka chini, jua linaichoma kutoka juu, na unyevu unaopanda kutoka ardhini unaisukuma. Mwaka mmoja ni mwingi kwake. Na oili chafu ya gari ambayo wengine wanapaka ili pevingi ziwe nyeusi, hiyo haikauki kamwe. Itaingia ndani ya nyumba na miguu ya watoto.

Onyo: fanya jaribio la tina mbali na jiko la mkaa, na pasiwe na mtu mwenye sigara.

Dalili ya mafanikio: unaweza kusema kwa sentensi moja, "Kitofali changu kinakunywa maji kwa dakika fulani na juu yake hakuna kitu," au kuna kitu na unakijua jina.

## Hatua ya 3: Chagua aina kwa kuangalia mahali, si kwa kuangalia kopo

Kopo zote zina picha ya uwanja unaong'aa. Achana na picha. Kuna familia mbili kubwa, na ukizijua hizi umemaliza nusu ya kazi.

Familia ya kwanza ni sila za kuingia ndani. Zinazama kwenye vitundu vya kitofali na kuvifanya vikatae maji, lakini vitundu vinabaki wazi kwa mvuke. Kwenye lebo utakuta sileni, silokseni, au mchanganyiko wa vyote viwili. Ukishapaka hazionekani. Kitofali kinabaki na sura yake na ukwaruzo wake. Hazibanduki kwa sababu hakuna ngozi ya kubanduka. Kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano kwenye uwanja wa nyumbani. Udhaifu wake: zinakataa maji kuliko zinavyokataa mafuta, na hazikupi ule mng'ao.

Familia ya pili ni sila za juu. Hizi zinaacha ngozi nyembamba inayoonekana. Ya kawaida ni akriliki, na ipo ya maji na ipo ya tina. Ya tina hukoleza rangi ya kitofali zaidi na hung'aa zaidi. Ya maji haina harufu kali na haishiki moto kirahisi. Zinazuia mafuta vizuri zaidi kwa muda, na zinashika mchanga wa mianyani usichukuliwe na maji. Lakini zinahitaji kurudiwa kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, zinateleza zikilowa, na haziruhusu unyevu wa chini kutoka kwa urahisi. Unyevu ukikwama chini yake, unapata ule weupe wa uji.

Poliyurethini ni ngumu kuliko akriliki, lakini haivumilii unyevu wakati wa kupaka na kuivua baadaye ni adhabu. Epoksi usiiweke nje kabisa. Jua linaigeuza njano.

Sasa tembea uwanjani kwako.

*Mteremko wa getini au ngazi.* Kigoma ni mji wa vilima, na nyumba nyingi zina mteremko kati ya geti na baraza. Hapa chukua ya kuingia ndani, bila mjadala. Kuna unga wa kuzuia utelezi unaoweza kuchanganywa kwenye sila ya kung'aa, ila kwa mteremko mkali na mvua zetu mimi siuamini.

*Uwanja wa wazi wenye udongo mwekundu pembeni.* Ya kuingia ndani. Udongo mwekundu utapakaa hata ufanye nini. Unachotaka ni ubaki juu ili ufagiliwe, usizame ukakipaka kitofali rangi.

*Mahali pa gari.* Ya kuingia ndani ndiyo chaguo langu, na kipande cha bati au boksi chini ya injini kama gari linavuja. Akriliki hulainika kwa joto, na tairi lililotoka safari ya Kasulu linaweza kuinyofoa.

*Baraza lenye paa, tambarare, lililoinuka.* Hapa ndipo mng'ao una haki yake. Halipigwi na mvua moja kwa moja, na kama liliinuliwa vizuri unyevu wa chini ni mdogo. Akriliki ya maji, mikono miwili myembamba (yaani kupakwa mara mbili, kidogo kidogo), inatosha. Ila kwanza lipite jaribio la nailoni la hatua ya 6.

*Jikoni kwa nje.* Hapa ndipo pagumu, na Kigoma ndiyo nyumbani kwa mawese. Mawese ya baridi hugandia juu, unaweza kuyakwangua. Jua likipiga yanayeyuka na kuzama. Sila ya kawaida ya kuingia ndani itayachelewesha tu. Akriliki itayazuia, lakini jiko la mkaa likiwekwa juu yake linaichoma, na sufuria ya moto inaacha duara. Zipo sila za kuingia ndani zilizoongezwa uwezo wa kukataa mafuta. Lebo lazima itaje mafuta waziwazi, siyo maji peke yake. Ukiikosa, ushauri wangu ni huu: jikoni usipake kitu. Weka akiba ya vitofali ishirini vya aina ile ile nyuma ya nyumba, kikichakaa kimoja unakitoa na kuweka kingine. Ndiyo raha ya pevingi, zinatoka.

*Pembeni mwa ziwa, viwanja vya Kibirizi na Katonga.* Ardhi ya chini ikiwa na maji karibu, sahau kabisa sila ya ngozi. Ya kuingia ndani, au uache kama ulivyo.

Unaona jinsi jibu linavyojirudia. Kwa viwanja vingi vya mjini hapa, sila isiyoonekana ndiyo sahihi, na ndiyo ambayo wateja hawaitaki kwa sababu "pesa imeenda na sioni kitu". Nami nililipia somo hilo. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilimpakia mteja akriliki ya tina mwishoni mwa Mei, wiki mbili tu tangu mvua ya mwisho, kwa sababu alitaka ing'ae kabla ya harusi. Iling'aa. Siku tatu. Nikaivua kwa mikono yangu na kwa hela yangu.

Dalili ya mafanikio: una karatasi yenye maeneo ya uwanja wako na aina ya sila mbele ya kila eneo. Kuwa na aina mbili kwenye nyumba moja si kosa.

## Hatua ya 4: Safisha, na usafishe kwa mpangilio

Anza kukavu. Fagia udongo mwekundu kabla maji hayajagusa uwanja. Ukimwaga maji kwanza unatengeneza tope linaloingia mianyani.

Kisha madoa, moja moja.

Mawese na mafuta ya kupikia. Kwangua yaliyoganda. Nyunyiza majivu au pumba, acha usiku kucha zinyonye, fagia. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga, sugua, acha dakika kumi na tano, suuza. Rudia mara mbili au tatu. Rangi ya chungwa iliyobaki hufifia juani siku zinavyokwenda. Mafuta yenyewe ndiyo lazima yatoke. Usitumie sabuni ya mche wala sabuni ya mawese ya kienyeji. Ni nzuri kwa nguo, lakini ikikutana na chokaa ya saruji hutengeneza utando usioyeyuka, na sila haishiki juu ya utando.

Oili ya gari. Utaratibu ule ule, subira zaidi.

Ukungu na mwani wa kijani. Jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo vitano, dakika kumi, sugua, suuza kwa maji mengi.

Chumvi nyeupe. Brashi kavu kwanza, siku ya jua. Nyingi inatoka hivyo hivyo. Inayobaki, siki: paka, acha itoe mapovu kidogo, sugua, suuza. Asidi kali ya dukani inaweza kufanya kazi ikizimuliwa sana, lakini inakula uso wa kitofali na kuacha kokoto wazi, hivyo jaribu kwenye kitofali kimoja cha pembeni. Daima mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Maji ya betri usiyaguse kwa kazi hii.

Onyo kubwa kuliko yote humu: jiki na asidi visikutane. Wala jiki na siki. Vinatoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Ukitumia kimoja, suuza, na kingine kisubiri siku nyingine.

Vanishi au sila ya zamani. Hii lazima ivuliwe. Akriliki inalegea kwa tina. Vanishi inahitaji dawa ya kutolea rangi na mkono wenye subira. Kokoa uchafu wote kwa pumba za mbao, ukaushe nje, usiusukumie mtaroni. Mitaro yetu yote inaishia ziwani.

Suuza ya mwisho iwe ya maji mengi, na usiache madimbwi yakauke yenyewe. Maji ya ziwa letu yana madini, yakikauka taratibu yanaacha duara jeupe ambalo utalidhania ni chumvi.

Dalili ya mafanikio: rudia tone la maji. Linanyweka sawasawa kila mahali, hata palipokuwa na doa.

## Hatua ya 5: Rudisha mchanga mianyani

Kuosha kumeondoa mchanga. Acha uwanja ukauke, mwaga mchanga mkali mkavu, fagia kwa mshazari hadi mianya ijae, gonga vitofali kwa nyundo ya mpira au pitisha kompakta yenye zulia la mpira chini, jaza tena.

Mchanga usifike juu kabisa. Uishie milimita tatu hivi chini ya ukingo. Ukijaa hadi juu, rola itauburuta na utabaki na vichembe vilivyogandia kwenye sila kama sukari juu ya kitumbua.

Mchanga mwororo wa ufukweni haufai, hauna kona za kushikana.

## Hatua ya 6: Jaribio la nailoni

Saa kumi jioni, bandika vile vipande vya nailoni juu ya uwanja na uzibe kingo zote nne kwa selotepu. Weka kimoja penye kivuli, kimoja katikati, kimoja karibu na ukuta. Vibandue saa mbili asubuhi. Hizo ni saa kumi na sita, na huo ndio muda wa chini kabisa.

Ukikuta matone ndani ya nailoni, au kitofali kimekuwa cheusi kuliko jirani zake, unyevu bado unapanda. Sila ya ngozi usipake. Sila ya kuingia ndani, kama ni ile ya maji na si ya tina, inaweza kuvumilia unyevu kidogo lebo ikiruhusu, lakini hata hiyo itaingia zaidi kwenye kitofali kikavu.

Kwa kawaida baada ya kuosha wakati wa kiangazi mimi hutoa siku tatu kwa sila ya kuingia ndani na siku saba kwa akriliki, kisha naiachia nailoni iamue. Ndiyo maana miezi mizuri hapa ni Julai, Agosti na Septemba. Juni ardhi bado ina kumbukumbu ya mvua, na kuanzia Oktoba unacheza kamari na mawingu.

Dalili ya mafanikio: nailoni kavu kama ulivyoibandika, sehemu zote tatu.

## Hatua ya 7: Nunua kidogo, pima, ndipo uagize

Nunua kopo dogo kabisa linalopatikana. Kabla ya kulipa soma tarehe ya kutengenezwa, litikise usikie kama lina mabonge chini, na uulize limekaa wapi. Kopo lililopigwa jua la dirishani mwaka mzima si la kununua hata kwa nusu bei.

Chagua mita moja ya mraba mahali pasipoonekana sana. Pima mililita 250, paka hadi kitofali kishibe, rekodi kiasi kilichotumika. Subiri saa 48, mwagia maji, tazama rangi.

Sasa hesabu. Tuseme mita moja ya mraba imekunywa hizo mililita 250, yaani lita moja inatosha mita nne. Uwanja wa mita 8 kwa 6 ni mita 48. Gawa kwa nne: lita 12 kwa mkono wa kwanza. Mkono wa pili hunywa kama nusu yake, lita 6. Ongeza kidogo kwa kumwagika: lita 20. Ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye kopo ilipimwa juu ya zege laini, usiitegemee kwa pevingi zenye kiu.

## Hatua ya 8: Paka

Huku magharibi jua linachelewa. Saa moja asubuhi ndiyo kwanza kunapambazuka vizuri. Maelekezo ya watu wa pwani yanayosema anza saa kumi na mbili hayatuhusu. Anza saa mbili na nusu, umande ukishakauka, na umalize kabla ya saa tano. Weka kiganja juu ya kitofali: ukishindwa kukiacha hapo kwa sekunde kumi, ni moto mno. Sila itakauka juu kabla ya kuingia, na ya tina itatoa malengelenge. Mchana pia upepo wa ziwani unaleta vumbi.

Anza kona ya mbali, rudi nyuma kuelekea geti. Usijipakie ukajifungia.

*Ya kuingia ndani:* nyunyiza au rolia hadi uso ulowe kwa dakika chache. Mkono wa pili upake wa kwanza ukiwa bado una unyevunyevu, maana ukikauka kabisa utaukataa wa pili kama unavyokataa maji. Ndani ya dakika kumi futa kwa kitambaa au rola kavu chochote kilichobaki kimetuama juu. Kisipofutwa kitaacha alama inayonata.

*Akriliki:* mkono mwembamba, uenee, uache. Usirudie rudie rola mahali palipoanza kunata. Mkono wa pili ufuate muda wa lebo, mara nyingi saa mbili hadi nne. Mkono mmoja mzito si sawa na miwili myembamba. Ule mzito unafungia mvuke na ndio unaokuwa mweupe.

Funika mimea na ukuta wa chini kwa nailoni. Kuku wafungiwe. Nasema kweli, wafungiwe. Nyayo za kuku kwenye akriliki mbichi hazitoki.

## Hatua ya 9: Subiri, kisha pima kazi yako

Kutembea: saa 24. Gari: saa 72. Maji ya kumwagilia bustani: siku tatu pia.

Kwenye sila ya kuingia ndani, usikate tamaa maji yakinyweka siku ya kwanza. Inahitaji siku kadhaa kukomaa. Siku ya saba dondosha kile kijiko cha maji. Yakiduara na kukaa, na kitofali kisibadilike rangi chini yake, umeshinda.

Kwenye akriliki, tazama kwa pembeni jua likiwa chini, saa kumi na moja jioni. Mng'ao uwe mmoja, bila mabaka makavu wala michirizi.

## Mambo yakiharibika

Weupe wa uji kwenye akriliki ya tina, siku chache tu baada ya kupaka. Unaweza kuokoka. Subiri uwanja ukauke sawasawa, rolia tina inayopendekezwa na mtengenezaji kwa mkono mwepesi, ile ngozi ilegee na kutoa unyevu, iache ikauke tena. Weupe ukirudi mara ya pili, vua sila.

Weupe chini ya sila, wa unga. Hiyo ni chumvi iliyofungiwa. Vua, siki, subiri.

Mabaka meusi na meupe kwenye sila ya kuingia ndani. Mafuta hayakutoka. Rudi hatua ya 4 kwa mabaka hayo tu.

Inateleza. Kama ni ngozi, paka mkono mwingine wenye unga wa kuzuia utelezi, au vua pale penye mteremko peke yake.

Kila mwezi wa sita, mvua zikishakwisha, chukua kijiko cha maji uende getini na mahali pa gari. Yakiduara, acha. Yakinyweka pale na penginepo yakiduara, paka pale tu baada ya kusafisha; kwa sila ya kuingia ndani kiraka hakionekani.

Sila iliyobaki funga kifuniko kwa nyundo, andika tarehe kwenye kopo, weka kivulini mbali na jikoni. Isiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja. Kwenye kopo lake mwenyewe, juu, pale mtoto asipofika.